Anayempokea mfungwa naye anahitaji wa kumpokea

Mtu akifungwa miezi 18, mama yake huhesabu miezi 18. Hupanga chumba, humwambia shangazi wa Likoni aje, huiweka siku moyoni. Kisha asubuhi moja, kifungo kikiwa mwezi wa 12 tu, anasikia hodi. Mtoto yuko mlangoni na mfuko wa nguo mkononi, hana simu, na nyumbani hakuna aliyejiandaa. Si kosa la mama. Sheria ya Magereza ya Kenya humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mwema thuluthi moja ya kifungo, isipokuwa kwa makosa mazito machache, na tena mahakama hutakiwa kuzihesabu siku alizokaa rumande kabla ya hukumu. Kwa hiyo muda uliotamkwa na hakimu si lazima uwe ndio muda wa lango kufunguka. Aliye na jamaa gerezani aende mwenyewe akaulize ofisi ya kumbukumbu ya gereza tarehe ya kutoka, na aulize tena mwezi mmoja kabla.

Naanza na tarehe kwa kuwa ndipo kazi yangu inapoanzia. Mimi huratibu walezi wa kujitolea hapa Mombasa, watu wanaokubali kuwa karibu na aliyetoka gereza la Shimo la Tewa, au aliyepewa na mahakama kifungo cha nje badala ya kupelekwa ndani. Ni watu wa mitaani mwetu: mwalimu mstaafu wa Changamwe, muuza samaki wa Kongowea, mwenye gereji Magongo, mama wa kanisa, ustadhi wa madrasa. Wengi hudhani shida yetu kubwa ni uhaba wa watu wenye moyo. Mombasa haijakosa watu wa moyo. Shida ni kwamba tukishawapata, tunawapa jina na nambari ya simu, tunawaombea dua, tunaondoka. Miezi mitatu baadaye mlezi hapokei simu tena, na kijana amerudi maskani, kijiweni kwa wenzake wa zamani.

Kwanza tuelewane juu ya mamlaka, maana hapa watu huchanganya. Amri ya probesheni, yaani kukaa nje chini ya uangalizi, hutolewa na mahakama, haipungui miezi 6 wala haizidi miaka 3, na anayeisimamia ni afisa wa probesheni. Kazi za huduma kwa jamii zina sheria yake ya mwaka 1998, nazo hutolewa kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambayo mahakama imeona yanastahili kifungo kisichozidi miaka 3. Mtu aliye chini ya amri hizo ana masharti, na akiyavunja anaweza kurudishwa mbele ya hakimu. Lakini aliyemaliza kifungo chake chote ni mtu huru. Hadaiwi chochote na mlezi, na mlezi hawezi kumwamrisha hata kuja kunywa chai. Huja akitaka. Mlezi anayesahau tofauti hii huanza kufoka kama askari, na siku hiyo hiyo humpoteza mtu wake.

Kuwaunganisha wawili hawa ndiyo sehemu inayonichukua muda mrefu kuliko zote, na siku hizi nakataa kuharakishwa. Jambo la kwanza ninaloliangalia ni makao ya aliyekosewa. Mombasa ni ndogo. Mlezi anaweza kuwa jirani wa ukuta mmoja na mwanamke aliyeporwa, au kuwa binamu yake kwa upande wa mama, na asigundue mpaka wiki ya tatu. Kisha naangalia madeni, maana mwenye duka aliyewahi kumkopesha kijana hawezi kuwa mlezi wake hata awe mwema namna gani. Naangalia pia maskani. Kama mlezi anakaa Bombolulu na genge la zamani la kijana linakaa hapo hapo, kila safari ya kumwona mlezi itampitisha mbele ya wale anaojaribu kuwakwepa. Dini huleta nafuu kwa baadhi na uzito kwa wengine, kwa hiyo naiuliza, siikisii. Mwanamke nampa mlezi mwanamke, hilo silijadili. Na mlezi mmoja nampa mtu mmoja, akizoea wawili. Mwenye watano ana orodha tu.

Walezi wengine bora niliowahi kufanya nao kazi ni waliowahi kufungwa wenyewe. Wanajua kwa nini mtu aliyetoka jana hawezi kulala taa ikizimwa, na kwa nini anasimama mlangoni akingoja aambiwe apite. Ila huwa siwaachi peke yao mwaka wa kwanza. Jeraha la mwenzako hulitonesha lako.

Mara zote najitahidi mlezi na mtu wake wakutane angalau mara mbili kabla lango halijafunguliwa, ndani ya gereza, kwa idhini ya wakuu wake. Siku ya kutoka si siku ya kujuana. Ana safari ndefu siku hiyo: kutoka Shimo la Tewa, kupita Bamburi na Bombolulu, kuvuka daraja la Nyali, na kama kwao ni Likoni, kupanda feri. Kila kituo kina mtu anayemjua. Mlezi anayemngoja langoni hahitaji hotuba. Ampe nauli na wapande matatu moja.

Wiki ya kwanza ina kazi zake: pa kulala, kitambulisho, laini ya simu (haisajiliwi bila kitambulisho), na kliniki. Nisikilizeni hasa kuhusu kliniki, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Aliyekuwa akitumia unga, yaani heroini, kabla ya kufungwa, mwili wake ukikaa miezi bila huo hupoteza ule ustahimilivu wa zamani. Yeye mwenyewe hajui. Akirudi na kuchukua kiasi kile kile alichozoea, anaweza kuacha kupumua. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kubwa zaidi, na hili linajulikana katika nchi nyingi, si hapa tu. Kila mlezi ninayemfunza lazima azijue dalili: haamki ukimwita wala ukimtikisa, anapumua taratibu mno au anakoroma kama aliyebanwa, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Usimmwagie maji. Usimnyweshe maziwa, yataingia mapafuni. Mlaze ubavu, ita msaada, mkimbize hospitali, na useme wazi alichotumia ili apewe mapema naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya unga. Aliye tayari kutibiwa apelekwe kliniki ya Kisauni ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga, siku za mwanzo kabisa, na mlezi amsindikize mpaka azoee njia. Dawa hiyo hunywewa kila siku. Kwa hiyo nauli ya kliniki ni sehemu ya matibabu, na tunapaswa kuipangia kama tunavyoipangia dawa.

Kuna neno ambalo mlezi wa Mombasa ataitwa kabla ya mwezi kwisha, nalo ni mpelelezi. Tusiwalaumu wanaolisema. Majengo, Kisauni na Likoni zina familia ambazo vijana wao walichukuliwa wakapotea, na mtu anayekuja kuuliza habari za kijana aliyetoka jela huamsha hofu ile ile. Ndiyo maana mkutano wa kwanza mlezi huyasema mambo yote waziwazi, mbele ya mama au mzee wa nyumba ikiwezekana. Huwa nawafundisha maneno mepesi: "Mwanangu, ukitaka kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au mtoto akiwa hatarini, sitanyamaza. Na kama uko chini ya amri ya mahakama, afisa ataniuliza kama tunaonana, nami nitasema kweli. Mengine yote ni yako." Baada ya hapo ayatimize. Akiwahi kupeleka neno dogo la barazani kwa chifu, kazi imekwisha, na si kwa kijana huyo mmoja tu. Mtaa mzima utafunga mlango.

Siri ina adui mwingine, naye ni simu. Niliwahi kuona jina la kijana na kosa lake likiwekwa kwenye kundi la WhatsApp la walezi, kwa nia njema kabisa, ya kumtafutia kibarua. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limefika kundi la mtaa, na jioni mwenye nyumba akamtaka ahame. Tangu siku ile, kwenye kundi hatuandiki jina, kosa, wala mtaa wa mtu. Kila mmoja ana nambari, na daftari la nambari liko mikononi mwa mratibu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata watu wa kujitolea, na mlezi anapaswa kufundishwa hivyo kabla hajapewa jina la kwanza.

Fedha ni fupi kueleza. Mlezi asikopeshe wala asikope. Lakini pia asitoke mfukoni. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu adhabu zisizo za kifungo, zinazojulikana kama Kanuni za Tokyo, zinasema wanaojitolea wachaguliwe kwa uangalifu, wafunzwe, wawekewe bima, na warudishiwe gharama walizoidhinishiwa. Matatu haitoi risiti, kwa hiyo atakayengoja risiti ndipo arudishe nauli atakuwa amewanyima walezi haki yao. Weka kiwango kimoja kwa kila eneo, Likoni kadhaa, Jomvu kadhaa, ulipe kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Nimeona walezi wazuri wakiacha kwa aibu ya kudai nauli.

Japani ndiko kazi hii ilikoota mizizi mirefu zaidi. Wana walezi wapatao 47,000 wanaoitwa hogoshi, wana sheria yao tangu mwaka 1950, hawalipwi mshahara, na kwa desturi wengi huwapokea watu wao nyumbani kwao. Maafisa wa Kenya wamejifunza mengi kwao. Lakini Mei 2024 mlezi mmoja wa mji wa Otsu aliuawa, na aliyekamatwa kwa mauaji hayo ni mtu ambaye mlezi huyo alikuwa akimsimamia. Tukio kama hilo ni nadra sana, nami silitaji ili kuwatisha. Nalitaja kwa sababu hapa kwetu ukarimu una nguvu, na mlezi huona vibaya kumwambia mtu asije nyumbani. Mikutano ya mwanzo iwe mahali pa wazi: ukumbi wa mtaa, ua wa msikiti au kanisa, mkahawa wenye watu. Mratibu ajue saa na mahali, na baada ya mkutano mlezi atume ujumbe mfupi. Ujumbe usipofika, nampigia simu. Siku moja nikisahau kupiga, nimemwacha peke yake.

Kwa wanawake, uzito una sura nyingine. Sheria humruhusu mama kukaa na mtoto wake mdogo gerezani mpaka afikishe miaka 4, lakini wale wakubwa hubaki wametawanywa, mmoja kwa bibi Kilifi, mmoja kwa shangazi Mikindani, na wengine wameshaambiwa mama alikwenda Uarabuni kufanya kazi. Mlezi wa mwanamke huanza na watoto. Kibarua kitafuata.

Ajira kwa wote ni mlima. Hoteli, bandari na kampuni za ulinzi huomba cheti cha polisi cha tabia njema, na hukumu huonekana pale. Mlezi asiahidi kuifuta, na amkanye mtu wake asinunue cheti cha bandia, kwani hilo ni kosa jipya. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni fundi anayemjua mlezi na kumwamini: gereji, useremala, ushonaji, mashua. Mlezi asifiche habari kwa fundi huyo, wala asimwage yote. Kijana mwenyewe ndiye aseme, kwa maneno yake, mlezi akiwa kando.

Na aliyekosewa? Anayo Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014, na anayo haki ya kutosumbuliwa. Pwani tuna desturi ya sulhu, wazee kwenda kuomba radhi kwa niaba ya nyumba, na Katiba inazitambua njia za jadi za kusuluhisha. Ni jambo jema likitakwa na pande zote mbili. Mlezi kamwe asimpeleke kijana kwa ghafla mlangoni kwa mtu aliyemwibia au kumpiga, hata kama ana kuku na mkono wa heri. Swali litangulie kupitia afisa, na jibu la "sitaki" liheshimiwe bila kuulizwa sababu.

Kila mwezi walezi wetu hukaa pamoja saa mbili. Hakuna mgeni rasmi. Kila mmoja husema lililomlemea: kijana aliyerudi kwenye unga, simu ya saa 5 usiku, mume anayelalamika kwamba mke ana mwana mwingine. Mimi husikiliza zaidi ya kusema. Wakati mwingine namwondolea mlezi jukumu kwa miezi miwili apumzike, na namwambia mbele ya wote kwamba hajashindwa.

Anayetaka kujitolea aulizie ofisi ya probesheni mahakamani, Mombasa mjini au Shanzu. Ukija kwangu nitakuuliza kitambulisho, mtu wa mtaa wenu anayekufahamu, na sababu inayokuleta. Kisha nitakuuliza swali ambalo wengi hawalitarajii: wewe ukilemewa usiku, humpigia nani? Ukikosa jina la kutaja, usiondoke. Tutaanzia hapo.