Mlio wa Mgongo Si Dalili ya Mfupa Kurudi Mahali Pake

Mimi ni mtabibu wa kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma pingili za mgongo kwa mikono. Wagonjwa wengi wapya wanaonijia na maumivu ya kiuno, wawe mahamali wa soko la Kongowea, Mombasa, au madereva wa matrela ya bandarini, huamini kwamba pingili ya mgongo imetoka mahali pake na kwamba kazi yangu ni kuirudisha. Nikimaliza kutibu bila mlio kusikika, husema, "Daktari, leo haukulia, mfupa bado haujarudi." Kauli hiyo nimeisikia mno, na inaniudhi kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu amwachie kinyozi shingo yake aizungushe kwa ghafla hadi ilie.

Kiungo kidogo kinachoshikanisha pingili na mwenziwe kina ute wa kulainisha ndani ya kifuko chake. Pande zake zinapoachana ghafla, shinikizo la ndani hushuka, gesi iliyoyeyuka katika ute ikafanya uwazi, na hapo ndipo mlio unapotoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vya mkono ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, na kuuona uwazi huo ukijitokeza papo hapo. Baadaye kiungo huhitaji kama dakika 20 kabla ya kuweza kulia tena, na hilo halihusiani na mfupa kukaa sawa au kutokaa. Pingili iliyohama kwelikweli, kama ya mgema aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au abiria wa bodaboda aliyegongwa, ni dharura ya hospitali, na mtu wa namna hiyo hafai kunyooshwa wala kukandwa na yeyote.

Ninachokitazama mimi ni mwendo. Hamali aliyeinama kabla ya tiba vidole vikakomea magotini, kisha baada ya tiba vikafika katikati ya muundi bila yeye kuzuia pumzi, amenufaika, mgongo uwe umelia au haukulia. Nafuu hiyo haidumu asipotembea na kufanya mazoezi. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, tiba ya mikono na mazoezi hukaribiana kwa manufaa, ndiyo maana simruhusu mgonjwa aondoke kabla hajanionyesha mazoezi yake bila kusaidiwa.

Wanaolala kitandani wiki nzima wakisubiri maumivu yaishe hujicheleweshea kupona. Wanaodai eksirei kabla ya jambo lolote wajue kwamba hata picha za watu wazima wasio na maumivu huonyesha migongo iliyochakaa. Ama wanaokuja kutibiwa kisukari, presha au pumu kupitia mgongo, wameirithi dhana ya tangu 1895, D. D. Palmer, mwasisi wa tiba hii huko Iowa, Marekani, alipodai kumrudishia mtu uwezo wa kusikia kwa kumsukuma pingili. Wasiache dawa zao hata siku moja.

Mwenye mifupa iliyodhoofika, saratani au kifua kikuu cha uti wa mgongo hasukumwi mgongo, na kuzungushwa shingo kwa nguvu kumewahi, ingawa kwa nadra, kuchana mshipa wa damu na kuleta kiharusi. Kwa hiyo nikiuliza kuhusu homa za usiku, kupungua uzito au dawa za kuzuia damu kuganda, naomba nijibiwe kwa ukamilifu. Na aliyeingiwa na ganzi baina ya mapaja, akashindwa kukojoa au miguu ikamlegea, asingoje miadi yangu; aende hospitali yenye idara ya dharura usiku huo huo.