Kuzuia kome kwenye maji ya kupozea si sawa na kuwaua

Kila mtambo wa kufua umeme unapozimwa kwa sababu mabomba yake ya maji yamejaa kome, wale wanyama wadogo wa majini wenye magamba mawili, maelezo yanayofuata huwa yale yale: klorini haikutosha. Na mtambo mwingine ukitangaza kwamba umefaulu kuzuia kome, ukichimba kidogo utakuta kinachofanyika ni kutia klorini saa moja au mbili kwa siku, basi. Maelezo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi mno, hata kutoka kwa watu wenye taaluma yao, na kila mara neno "kuzuia" linabebeshwa kazi zisizofanana.

Maana yenyewe ni fupi. Kuzuia kome ni kuhakikisha kwamba lava, yaani kichanga cha kome kinachoingia pamoja na maji, hapati nafasi ya kujishika ndani ya bomba na kukua. Kinachofanywa baada ya kome kukua ni kazi nyingine, na kinachofanywa dhidi ya ukoga ni kazi nyingine tena.

Mtambo wa mvuke unahitaji maji mengi ya kuupoza mvuke uliokwisha kuzungusha turbini. Maji hayo huvutwa kutoka baharini, mtoni au ziwani, yakapita kwenye machujio, yakasukumwa na pampu hadi kwenye kondensa, yaani kifaa kinachoupoza mvuke ukarudi kuwa maji, chenye maelfu ya vijibomba vyembamba, vingi vikiwa na kipenyo cha milimita 25 hivi. Matundu ya machujio ya kawaida ni kama milimita 10. Samaki, majani na takataka hubaki nje. Lava wa kome ana ukubwa wa milimita 0.1 hadi 0.3, kwa hiyo kwake chujio hilo halipo. Akishaingia anakuta mahali pazuri kuliko kule alikotoka: giza, maji yanayoleta chakula na oksijeni bila kukoma, wala hakuna samaki au kaa wa kumla. Maji yakienda kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde au zaidi ni vigumu kwake kujishika, lakini hakuna mfumo ambao maji yake yanakwenda kasi kila mahali. Kwenye kona, nyuma ya vali, ndani ya shimo la pampu na kwenye mabomba ya akiba yanayofunguliwa kwa nadra, kasi hupungua, na hapo ndipo anapotia nanga.

Tuanze na ukoga, maana ndiko mkanganyiko unakoanzia. Ndani ya vijibomba vya kondensa bakteria hujenga utando laini unaoteleza. Hata ukiwa mwembamba sana, utando huo hupunguza uwezo wa joto kupita, na mtambo unapoteza ufanisi. Dawa yake inajulikana: klorini kwa muda mfupi kila siku, au vipira vya sponji vinavyosukumwa na maji vikapita ndani ya vijibomba huku vikisugua kuta zake. Bakteria hawana gamba la kujifungia, kwa hiyo dozi ya muda mfupi inawafikia. Mitambo mingi iliwekewa ratiba hiyo tangu mwanzo, ikafanya kazi vizuri kwa kile ilichokusudiwa. Kosa ni kudhani kwamba ratiba hiyohiyo inamgusa kome.

Hata kanuni za Marekani zinaitambua tofauti hii. Kanuni za mwaka 1982 za maji yanayotoka kwenye mitambo ya umeme ya mvuke hazimruhusu mwenye mtambo kumwaga mabaki ya klorini kwa zaidi ya saa 2 kwa siku kutoka kwenye mtambo mmoja, isipokuwa athibitishe kwamba anahitaji muda mrefu zaidi ili kudhibiti wanyama wakubwa wasio na uti wa mgongo. Wanyama hao ndio kome na jamaa zake. Walioandika kanuni hiyo walielewa kwamba saa 2 zinatosha kwa ukoga na hazitoshi kwa kome. Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo inanukuliwa kila mahali. Ile "isipokuwa" husahaulika.

Sababu ya kutotosha iko kwenye tabia ya kome mwenyewe. Aliyekomaa hukaa magamba yake yakiwa yamefunuka kidogo, akivuta maji upande mmoja na kuyatoa upande mwingine, akichuja chakula. Klorini ikiingia anaihisi, na magamba yanabana. Ndani anabaki na maji kidogo, mapigo ya moyo yanashuka, na mwili unaanza kuishi kwa akiba yake bila kutegemea oksijeni ya nje. Anaweza kukaa hivyo siku kadhaa, na maji yakiwa ya ubaridi hata wiki. Klorini inakatwa baada ya saa 2, anafunua, anakula kwa saa 22 zilizobaki, na kesho yake anafunga tena. Kuongeza makali ya dozi hakubadilishi kitu, kwa sababu klorini kali anaihisi mapema zaidi na kufunga haraka zaidi. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayezungumzia "klorini haikutosha" alifahamu: mara nyingi kiasi kilitosha kabisa, muda ndio ambao haukutosha.

Wanaozuia kwa maana halisi hutia klorini kidogo bila kukata, mabaki yakiwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 hivi kwa lita, kwa kipindi chote ambacho lava wapo majini. Kiasi hicho hakimuui kome mkubwa upesi. Huenda ikachukua wiki kadhaa. Walengwa ni lava, ambao wakikutana na maji hayo hawatui, au wakitua hawakui, wakasombwa hadi upande wa pili na kutoka nje.

Ipo njia nyingine ya kuzuia ambayo naiheshimu sana kwa sababu imetokana na watu kumtazama kome kwa makini. Nchini Uholanzi ilionekana kwamba kome aliyefunga kwa sababu ya klorini harudii kuchuja kikamilifu mara tu klorini inapokatwa. Huchukua dakika kadhaa kabla ya kufunua sawasawa. Basi klorini inatiwa kwa dakika chache, inakatwa kwa dakika chache, inatiwa tena, usiku na mchana. Kila anapokaribia kufunua kabisa, dozi nyingine inamkuta. Anabaki akihangaika kati ya kufunga na kufunua mpaka anachoka, na klorini inayotumika kwa jumla ni pungufu kuliko ile ya mfululizo. Upungufu huo una maana kubwa, kwani klorini inayotoka mtamboni inadhuru pia viumbe visivyo na hatia, na baharini hugeuka kuwa misombo ya bromini. Anayetaka kuipunguza ana haki. Ila asichanganye njia hii na ile ya saa 2 kwa siku eti kwa kuwa zote zina kuwasha na kuzima. Katika hii, vipindi vya kuzima vimepimwa kwa muda anaohitaji kome kufunua magamba. Katika ile, vimepangwa kwa hesabu ya ukoga.

Sasa kuua. Joto ndiyo njia ya zamani na ya uhakika, kwa sababu kome hawezi kulifungia nje. Maji ya moto yanayotoka kwenye kondensa hurudishwa kwenye mfereji wa kuingilia mpaka yafike karibu nyuzi 40 za Selsiasi, kisha yanaachwa hapo kwa saa moja hivi. Mtambo wa San Onofre kule California ulikuwa ukifanya hivyo. Ziko pia dawa zisizo za jamii ya klorini ambazo kome haihisi hatari yake. Anaendelea kuzivuta akiwa amefunua, na zikitiwa kwa saa 12 hadi 24 zinammaliza. Kabla ya maji hayo kurudi mtoni hutiwa udongo wa bentonaiti ili uinase dawa iliyobaki. Njia zote hizi zina nafasi yake na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kuziita kuzuia, kwa maana jina hilo linamfanya msimamizi aamini kazi imekwisha siku kome walipokufa.

Kumbe siku hiyo ndipo kazi ya pili inapoanza. Kome aliyekufa hubaki ameshikwa ukutani na nyuzi zake kwa muda, kisha nyuzi zinaoza na kulegea, na magamba yanaanza kuachia kwa mafungu. Yanaelekea kule maji yanakoelekea, yaani kwenye kondensa na vibadilisha joto. Gamba la milimita 30 haliingii kwenye kijibomba cha milimita 25. Linakaa mdomoni, linakamata la pili na la tatu, na nyuma yake maji yanapungua. Mwaka 1981, kwenye mtambo wa nyuklia wa Brunswick, North Carolina, chaza, ambao ni jamaa wa kome, walikuwa wamestawi ndani ya mabomba katika kipindi ambacho klorini haikuwa ikitiwa. Magamba yao yakaziba vijibomba vya kibadilisha joto kinachoondoa joto la kinu cha nyuklia baada ya kuzimwa. Pampu ya pili ilipowashwa, presha ikalizidi nguvu bamba linalogawa maji ndani ya kichwa cha kibadilisha joto, likaharibika, na maji yakawa yanakatisha njia bila kupita kwenye vijibomba. Mfano huo ungefaa kutajwa kila mtu anaposema kwamba kome aliyekufa hana shida.

Kuna hali moja ambamo kuua kunakaribiana sana na kuzuia, nayo ni pale kunapofanywa mapema. Kome wa msimu mmoja ambao bado wana milimita chache, wakiuawa, magamba yao hupita kwenye vijibomba bila kukwama. Katika nchi za baridi kome pundamilia huanza kutaga maji yanapofika nyuzi 12 hivi, kwa hiyo lava huonekana kwa miezi ya joto tu, na mtambo unaweza kupanga kuua mwishoni mwa msimu kabla hawajanenepa. Mahali ambapo maji ni ya vuguvugu sehemu kubwa ya mwaka, kama kwenye mito ya Amerika Kusini ambako kome wa dhahabu kutoka Asia aligunduliwa mwaka 1991 na kufika bwawa la Itaipu mwaka 2001, hakuna mwisho wa msimu ulio wazi hivyo, na mpango huo hauhamishiki bila kufikiriwa upya.

Jambo la mwisho linalochanganywa ni kome na kombe. Wote wana magamba mawili, wote huziba, lakini maisha yao ni tofauti. Kome hujishika ukutani kwa nyuzi na kurundikana mmoja juu ya mwingine. Kome pundamilia, aliyeletwa Amerika Kaskazini ndani ya maji ya kusawazisha meli na kugunduliwa katika Ziwa St. Clair mwaka 1988, alifikia hadi 700,000 kwa mita moja ya mraba kwenye mtambo wa umeme wa Monroe, Michigan. Kombe wa Asia, Corbicula fluminea, akishakomaa hana nyuzi za kujishikia. Anajizika kwenye mchanga na tope linalotuama kwenye shimo la kuvutia maji na kwenye mabomba ya kasi ndogo, anakulia humo, kisha yeye au gamba lake tupu anasombwa pampu kubwa inapowashwa. Kwa hiyo rangi maalumu ya kuta inayomtelezesha kome haimsumbui kombe hata kidogo. Kinachomsumbua ni kuondolewa kwa tope na kusafishwa kwa mabomba ya akiba kabla hajapata umri.

Mtambo wa nyuklia wa Arkansas Nuclear One, huko Marekani, ulilipia somo hilo. Septemba 1980 mkaguzi wa serikali aligundua kwamba maji yanayopita kwenye vipozeo vya jengo la kinu cha pili yalikuwa chini ya kiwango kinachotakiwa, na mtambo ukazimwa. Vipozeo vilipofunguliwa vilikutwa na kombe wa Asia, tope na takataka kutoka Ziwa Dardanelle. Hivyo ni vifaa vya usalama vinavyosubiri siku ya ajali. Aprili 1981 Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani iliitaka mitambo ya nyuklia ya nchi hiyo ichunguze kama kombe au kome wamo kwenye maji yake. Kukagua kondensa peke yake kusingetosha, kwa sababu kondensa inatumika kila siku na ikiziba inaonekana mara moja, ilhali bomba la akiba linaweza kujaa taratibu bila kipimo chochote kutikisika.

Basi, kwa heshima, ningeomba tuseme hivi. Mtambo unaotia klorini saa 2 kwa siku unadhibiti ukoga. Unaopasha moto mfereji wake mara moja au mbili kwa mwaka unaua kome, na unatakiwa utueleze pia magamba yanakwenda wapi. Neno kuzuia tumwachie yule anayejua lava wanaingia miezi gani, anayetundika vibao ndani ya mfereji na kuvitoa kila baada ya wiki chache kuona kama kuna waliotua, na ambaye klorini yake, kama anaitumia, haiachi nafasi ndefu ya kutosha kome kufunua na kula.