Je, wajua kwa nini anayefichua wizi ndiye anayekosa usingizi?

Mwaka 1992 karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, alikuwa akishughulikia makaratasi ya fidia wanayolipwa wauzaji wa bidhaa nje ya nchi. Kampuni moja, Goldenberg International, ilidai inauza nje dhahabu na almasi, na Serikali ikawa inailipa asilimia 35 ya fedha za kigeni ilizodai kuziingiza. Wauzaji wengine walipata asilimia 20. Kenya haina machimbo ya almasi. Munyakei alipoona hesabu hazikai sawa, alitoa nakala za nyaraka, zikawafikia wabunge wa upinzani Anyang' Nyong'o na Paul Muite, na nchi nzima ikajua.

Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa sheria ya siri za Serikali. Mashtaka yalianguka, lakini kazi haikurudi. Alihamia Mombasa, akasilimu, akaoa, akaishi mbali na watu waliomjua. Baadaye alirejea kwao Narok. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Miaka miwili baadaye alifariki kwa nimonia, akiwa maskini, hajarudishwa kazini.

Wengi wakisikia kisa hiki huuliza kwa nini hakulindwa. Ni swali la haki. Lakini kuna jingine linaloulizwa mara chache: ndani ya mtu kama huyo kunatokea nini? Mbona aliyeiba hulala, na aliyesema hukesha akihesabu boriti?

Jibu la haraka ni hofu, na hofu hiyo ina sababu. Babita Deokaran, ofisa mwandamizi wa fedha katika Idara ya Afya ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, alitilia shaka malipo ya Hospitali ya Tembisa, na alikuwa shahidi katika uchunguzi wa zabuni za vifaa vya kujikinga na korona. Alimwandikia mkubwa wake kwamba maisha yao huenda yamo hatarini. Tarehe 23 Agosti 2021, akitoka kumpeleka mwanawe shule, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg na kufariki. Congo nako, Gradi Koko na Navy Malela, waliofichua miamala waliyoitilia shaka katika benki walikofanya kazi Kinshasa, walihukumiwa kifo mwaka 2020 wakiwa wamekwisha kukimbilia Ulaya. Kuishi ugenini ukijua kwamba kwenu umehukumiwa kifo kwa sababu ya karatasi za benki si jambo ambalo moyo unalizoea.

Hata hivyo, wafichuaji wengi hawapigwi risasi wala hawafikishwi kortini. Wanahamishwa kituo, wananyimwa cheo, wanaachishwa kazi. Na bado wanaugua. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2019 uliwachunguza wafichuaji 27 na kukuta karibu asilimia 85 yao wana dalili kali za wasiwasi, sonona, kutowaamini watu au kukosa usingizi, na karibu nusu walikuwa wamefikia kiwango cha kuhitaji tiba. Kundi lenyewe ni dogo, na lilipatikana kupitia taasisi inayowasaidia watu hao, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mfichuaji yuko hivyo. Lakini asilimia kama hiyo haipuuzwi.

Ukitaka kuelewa inavyokuwa, anza na chai ya saa nne. Mtu amepeleka ripoti Ijumaa. Jumatatu anaingia chumba cha chai na mazungumzo yanakatika. Hakuna anayemtukana. Anasalimiwa vizuri, ila kila mtu anakumbuka ghafla kwamba ana kazi mezani. Kundi la WhatsApp la idara limekauka, na baada ya wiki anagundua kwamba lilifunguliwa jingine bila yeye. Rafiki wa siku nyingi anamtumia ujumbe wa pole usiku wa manane, kisha anaufuta kabla hakujakucha. Kwenye korido anasikia kwamba ametia mchanga kitumbua cha watu. Halafu inakuja barua: ajieleze ndani ya saa 24 kwa kosa ambalo hajawahi kulisikia katika miaka yote ya utumishi wake.

Mwili hautofautishi sana kati ya simba na barua ya namna hiyo. Adrenalini inapanda, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, akili inasaka hatari. Mfumo huo umeumbwa kuwaka kwa muda mfupi kisha kuzimika. Kwa mfichuaji hauzimiki, kwa sababu hatari haina siku ya kuisha. Kotisoli, homoni ya msongo, inakaa juu, usingizi unakatika saa tisa usiku, tumbo linasumbua, presha inapanda. Anaanza kukagua namba za magari yanayomfuata na kushtuka simu inapoita. Daktari asiyejua historia yake anaweza kuandika kwamba mgonjwa ana shaka zisizo na msingi, wakati huenda kweli anafuatiliwa. Makosa ya aina hii yanaumiza maradufu, kwa kuwa mtu anaanza kutilia shaka akili yake mwenyewe.

Ila mimi naamini hofu siyo kidonda kikubwa kuliko vyote. Kikubwa zaidi ni kusalitiwa na mahali ulipopaamini. Wafichuaji wengi huanza kwa kusema ndani: kwa meneja, kwa mkaguzi, kwa bodi. Wanasema kwa sababu wanaamini kwamba wakubwa wakijua watachukua hatua. Mara nyingi hawa ndio waliozichukua kanuni za kazi kwa uzito kuliko wenzao wote. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani aliyewatibu wanajeshi waliorudi kutoka Vita ya Vietnam, alieleza maumivu yanayokuja pale mwenye mamlaka halali anaposaliti lililo haki katika jambo zito. Aliyaita jeraha la kimaadili. Mwanasaikolojia Jennifer Freyd, naye wa Marekani, amechunguza kwa miaka mingi madhara ya taasisi kumsaliti mtu anayeitegemea. Mtu akidhulumiwa na adui, dunia yake inabaki kama alivyoijua. Akidhulumiwa na waliopaswa kumlinda, hajui tena aamini nini, na hapo ndipo wengi wanapopoteza hata imani, hata hamu ya kufanya kazi nyingine yoyote.

Freyd pia alieleza mbinu anayoitumia mkosaji akibanwa: hukana, humshambulia anayemlaumu, kisha hugeuza kibao hadi yeye mwenyewe aonekane ndiye mwathirika. Angalia kashfa yoyote unayoijua utaiona. Swali la kwanza lilikuwa pesa zimekwenda wapi. Baada ya miezi miwili swali limekuwa huyu mtu ana nini: ana chuki, ametumwa, alinyimwa cheo, amechanganyikiwa. Na kwa kuwa kwetu kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili bado kunachukuliwa kuwa ni wazimu, mfichuaji anaogopa kutafuta tiba. Anajua ikivuja kwamba anameza dawa za usingizi, itasomwa kama ushahidi kwamba alichosema ni njozi.

Kisha kuna nyumbani. Mshahara ukikatika, mkopo wa SACCO haukatiki. Wadhamini waliomwekea sahihi ndio wale wale wafanyakazi wenzake, na sasa ndio wanaodaiwa. Jambo hili sijaona likitajwa katika mijadala ya sheria, ilhali lina uzito wa kutisha: mtu aliyewaambia wenzake ukweli anaishia kuwatia hasara kwa mkono wa deni lake. Ada za watoto zinasubiri. Bima ya afya iliyotoka kwa mwajiri imekufa siku ile ile anapoihitaji zaidi. Mwenzi wake hakuulizwa kabla, na sasa anabeba nusu ya mzigo. Ndugu wanasema, kwa nia njema kabisa, "Si ungenyamaza tu?"

Na muda unakwenda. Tume ya kuchunguza Goldenberg iliundwa mwaka 2003, miaka 10 baada ya Munyakei kukamatwa. Katika muda kama huo mtu hawezi kuomboleza yakaisha wala kusherehekea, kwa sababu jambo halijahukumiwa. Akili inarudia tukio lile lile ikitafuta mahali ambapo angeweza kufanya tofauti. Wengine wanatembea na bahasha ya nyaraka kila waendako, wakikupata wanaanza mwanzo kabisa, tarehe kwa tarehe. Wasikilizaji wanachoka. Ukikutana na mtu wa namna hii usimwone msumbufu. Anatafuta mtu mmoja atakayesema, "Nimeona, ni kweli."

Msaada upo wa aina gani? Sheria zipo, kwa viwango tofauti. Uganda ilitunga ya kuwalinda wafichuaji mwaka 2010, na inampa mfichuaji asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa. Tanzania ilitunga yake ya watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Kenya ina kifungu cha ulinzi katika Sheria ya Hongo ya 2016, huku muswada kamili wa wafichuaji ukizungushwa kwa miaka. Ni sheria za usiri, fidia na zawadi. Ni muhimu, lakini zinasaidia mtu akiwa bado na nguvu za kusimama kortini. Hata Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2019 kuhusu wafichuaji, umesema nchi wanachama zinaweza kutoa msaada wa kisaikolojia. Zinaweza. Hazilazimiki.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na asasi za kiraia. PPLAAF, jukwaa la kuwalinda wafichuaji Afrika lililoanzishwa mwaka 2017, hutoa mawakili na njia salama za mawasiliano. Ndilo lililosimama na Koko na Malela. Afrika Kusini, baada ya kifo cha Deokaran, ilianzishwa Whistleblower House, ambako mfichuaji anaweza kupata ushauri wa sheria, usalama na tiba ya nafsi mahali pamoja. Kuviweka pamoja kuna maana kubwa. Mtu asiyejua atakula nini mwisho wa mwezi hawezi kutulia kwa mshauri nasaha, na asiyelala hawezi kumpa wakili maelezo yanayoeleweka.

Kwa aliye katikati ya jambo hili sasa hivi, nafuu huanza na mambo madogo. Mtafute mshauri nasaha au daktari asiyelipwa na mwajiri wako, na umuulize mapema kumbukumbu zako zinahifadhiwaje na nani anaziona. Mweleze kilichotokea kabla ya kumweleza dalili, ili azipime mahali pake. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe inasaidia, na dawa zina nafasi yake. Tenga saa maalumu za kushughulikia kesi, na saa nyingine ambazo bahasha haifunguliwi. Mtafute mfichuaji mwingine, hata wa sekta tofauti, kwani kuna mambo ambayo ni yeye tu atakayeyaelewa bila kuelezwa. Na yakija mawazo ya kujidhuru, hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo, pamoja na mtu wa kukaa nawe.

Anayefikiria kufichua na bado hajasema ana nafasi kubwa zaidi ya kujikinga. Azungumze na wakili kwanza. Aongee na mwenzi wake. Ajue deni lake ni kiasi gani na nani amemdhamini. Aandike tarehe na matukio wakati kumbukumbu bado mbichi.

Nasi wengine, wafanyakazi wenzake, tuna kazi isiyohitaji ushujaa: kukaa naye meza moja saa ya chai. Si lazima uchukue upande katika kesi ili umuulize mtu amelalaje.

Waajiri nao wana jambo wanaloweza kulianza kesho bila kusubiri bunge lolote. Agizo lile la Ulaya linataka anayepeleka taarifa ajulishwe ndani ya siku 7 kwamba imepokelewa, na aelezwe ndani ya miezi 3 nini kimefanyika. Nchi nyingi zetu hazina sharti kama hilo maofisini, lakini hakuna sheria inayomzuia mkuu wa idara, mkaguzi wa ndani au katibu wa bodi kuandika barua mbili: moja ya kusema tumepata, nyingine ya kusema tumefika hapa.