Boti ya jua kuzama Zanzibar sio ya maharusi tu: mambo tunayodanganyana sisi wastaafu

Nilipostaafu kila mtu alikuja na ushauri wake kuhusu kiinua mgongo, jenga vyumba vya kupangisha, nunua bajaji, fuga kuku, na hakuna hata mmoja aliyesema mchukue mama watoto mkatembee. Tumekaa Morogoro zaidi ya miaka 30, Unguja tunaiona kwenye tivii tu. Mwaka huu tukaenda, tukapanda jahazi la jioni, na huko ndo nikajua kwamba mengi tuliyokuwa tunaambiana kuhusu hizi boti sio kweli.

La kwanza na ndo linalowanyima wengi: eti ile ni starehe ya wazungu na maharusi. Jamani sio. Bei inaongeleka, tena ukiongea Kiswahili inaongeleka vizuri, na mkichangia jahazi na watu wengine ni nafuu sana kuliko kukodi la kwenu wawili. Na kile chombo ni chetu, mbao zile, mlingoti, tanga la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu wa kufungia tanga, wazee wa pwani wamesafiria hivyo miaka na miaka. Mke wangu alikaa pale kwenye mkeka ameegemea mto, kajifunga kanga, na hakuna aliyemshangaa.

Pili watu wanasema Unguja ni kisiwa kwa hiyo popote utakapolala utaona jua likizama baharini. Hapana, na hapa wengi wanapoteza hela. Paje, Jambiani, Kiwengwa, Matemwe kote huko ni mashariki, jua linachomoza baharini asubuhi na jioni linazama nyuma yako kwenye minazi. Ukitaka kuliona likizama nenda Mji Mkongwe, au kaskazini Kendwa na Nungwi. Kuna Michamvi Kae pia, ipo upande wa mashariki lakini inatazama ghuba ya Chwaka kwa hiyo magharibi wanaiona. Faida nyingine ya upande wa magharibi ni kwamba kisiwa chenyewe kinakinga upepo, iwe kaskazi ule wa kaskazini mashariki au kusi ule wa kusini mashariki, maji yanakuwa yametulia kuliko kule nje.

Sasa sisi wa bara tunadhani bahari inakaa pale pale kama bwawa. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Kwa kijana sio kitu, kwa mtu mwenye goti bovu ndo kila kitu, kwa sababu sehemu nyingi hakuna gati, unaingia majini kwa miguu mpaka kwenye ngazi. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza, maji yatakuwaje saa ya kupanda na saa ya kushuka? Mke wangu goti la kulia linamsumbua tangu 2019. Baharia mmoja alisimama majini mpaka mapajani akashikilia ile ngazi ya mbao kwa mikono miwili, mwenzake akashuka akampa bega, akamwambia, "Mama shika bega, mkono unateleza." Akapanda taratibu, ndara kazishika mkononi, na hakuna aliyemharakisha. Chombo ambacho mabaharia wake wanakuharakisha kwenye ngazi msikipande.

Halafu kuna hofu. Wengi tunakumbuka meli za abiria zilizozama, Spice Islander 2011 na Skagit 2012, na mtu ana haki ya kuogopa. Lakini kusema asiyejua kuogelea asipande ni kukosea, cha kuangalia ni watu wangapi wamepakiwa na laifujaketi ziko wapi. Siku ya kwanza tulipanda boti moja nikakuta laifujaketi zimefungwa kwenye gunia chini ya benchi, nikaomba tuvae, nikajibiwa za nini na bahari shwari, tukashuka wote wawili na hela ya kianzio ikabaki huko, sijutii. Ivae mwilini kabla nanga haijang'olewa, basi. Laifujaketi ya kwenye gunia haimsaidii mtu.

Kuhusu kichefuchefu, wanasema usile kabisa, wengine wanasema kunywa bia kidogo itatuliza. Tumbo tupu linazidisha na pombe inazidisha zaidi. Kula kitu chepesi, kaa katikati ya chombo ambapo hapayumbi sana, angalia mbali pale maji yanapokutana na mbingu, sio kwenye simu. Vidonge vya kuzuia vinamezwa kabla ya kuondoka, ukishaanza kutapika umechelewa, na wenye tezi dume au presha ya macho waulize duka la dawa kwanza maana baadhi ya vidonge hivyo haviwafai. Na hili hakuna anayelisema: majahazi madogo hayana choo. Kama unatumia dawa ya presha inayokupeleka haja ndogo mara kwa mara, muulize daktari wako mapema saa ya kuimeza siku hiyo, usiiache tu kwa uamuzi wako.

Ya mawingu nayo. Tuliona mawingu mchana mke wangu akasema tuahirishe, nahodha akakataa, na alikuwa sahihi. Yale mawingu membamba ya juu ndo yanashika rangi, anga safi kabisa jua linazama tu limeisha. Wingu zito la chini upande wa magharibi hilo ndo linaharibu.

Mwisho, jua likishagusa maji watu wanainuka kukusanya vitu vyao. Tulieni! Huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza linaingia ndani ya dakika 20 hivi, na rangi nzuri iko humo humo, chungwa inageuka nyekundu halafu zambarau. Tena lile jua unaloliona limegusa maji kwa kweli limeshashuka chini ya upeo, hewa ndo inapinda mwanga wake mpaka tunaliona bado. Nilimwambia mke wangu hivyo, akasema, "Baba Neema, basi tuangalie vizuri." Upepo ukapoa, nikamfunika na sweta tuliyoambiwa tusibebe eti Unguja ni joto. Tanga likashushwa, na kutoka mjini adhana ya magharibi ikaanza, msikiti mmoja, halafu wa pili, halafu mingi kwa pamoja, ikija juu ya maji.