Jenereta haichomekwi kwenye soketi ya ukutani

Umeme ukikatika, ujumbe ule hurudi kwenye magrupu: tengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, chomeka jenereta kwenye soketi ya sebuleni, zima mein swichi, basi. Taa huwaka kweli, ndiyo maana wengi huamini. Lakini upande mmoja ukichomoka, vyuma vya plagi hubaki wazi vikiwa na volti zipatazo 230. Mtoto akivishika je? Na ukisahau kuzima mein swichi, umeme wa jenereta hurudi kwenye transfoma, ambayo huweza kuupandisha hadi volti 11,000, fundi akiwa juu ya nguzo.

Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Kinachotakiwa ni chenjiova, yaani swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa gridi na wa jenereta, iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Itazame: ina I (chanzo kimoja), 0 (imezimwa) na II (chanzo cha pili), na mkono wake haukai pande mbili kwa pamoja.