Programu ya kuchambua data za mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa uzamili swali halichuji: nina maoni ya watu kutoka Facebook na JamiiForums, nitumie programu gani? Majibu humiminika, na mengi yanapotosha.

"NVivo itakuchambulia." Hiyo ni programu ya kuchambulia matini, lakini haifanyi uchambuzi kwa niaba yako. NVivo, MAXQDA na ATLAS.ti hukusaidia kupanga matini, kubandika lebo na kuzipata tena. Mtu akiandika "umeme umerudi, asanteni sana wakubwa zetu", kuamua kama anashukuru au anakejeli ni kazi yako.

Ndipo wengine husema kompyuta itahesabu maneno na dhamira zitajitokeza zenyewe. Kwa Kiswahili hapo pana shughuli. "Nimekatiwa", "wanakata" na "umekatika" ni lalamiko moja, lakini orodha ya maneno huyahesabu matatu, maana neno letu hubadilika mbele na nyuma. Ukitafuta kwa kipande cha "kat" unaletewa pia "katika" na "wakati". Bado hujakutana na aliyeandika "xaxa" badala ya "sasa". Soma maoni yenyewe kwanza. Hesabu ije baadaye.

"Nimeuhifadhi ukurasa, basi nina kila kitu." NVivo ina NCapture na MAXQDA ina Web Collector, vyote vya kunasa kurasa ukiwa kwenye kivinjari. Lakini majibu yaliyofichwa chini ya maoni, usipoyafungua, huenda yasinaswe. Ukipiga picha ya skrini tu, maandishi yake hayatafutiki. Fungua majibu yote, nasa, kisha linganisha idadi ya maoni kwenye faili na iliyo kwenye ukurasa. Andika anwani na tarehe papo hapo, kwani maoni hufutwa. Na ukiona video ya mafunzo inayoonyesha tweets zikiingia moja kwa moja kwenye programu, angalia ni ya lini: mwaka 2023 Twitter ilifunga njia ya bure ya programu kuvuta tweets, iliyotegemewa na watafiti wengi.

"Za bure ni za kuchezea." Taguette ni ya bure, hupokea PDF, Word na HTML, na kwa maoni ya maandishi matupu inatosha kabisa, ila picha na video haiziwezi. QualCoder, nayo ya bure, huchukua hata sauti na video. Mimi ningeanzia huko kabla ya kulipia leseni.

Kuhamisha mradi kutoka programu moja hadi nyingine kunawezekana pia. Tangu 2019 upo mfumo wa pamoja wa faili, REFI-QDA, unaokubaliwa na zile kubwa tatu: NVivo, MAXQDA na ATLAS.ti. Jaribu na mradi mdogo kwanza.

La mwisho, "kilicho wazi mtandaoni ni cha wote". Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kufuta jina hakutoshi: sentensi uliyoinukuu neno kwa neno, mtu akiibandika Google, inaweza kumpeleka moja kwa moja kwa mwandishi wake.