Picha Ghafi na JPEG: Maana na Tofauti

Picha ghafi ni faili inayohifadhi vipimo vya mwanga kama vilivyosomwa na kitambuzi cha kamera, kabla rangi, ung'avu na ukali wa picha havijaamuliwa. Kwa lugha ya studio za zamani, ni negativu ambayo haijaoshwa. JPEG, mfumo uliosanifiwa mwaka 1992, ni picha ambayo kamera yenyewe imekwisha kuiosha kwa kufuata mipangilio iliyowekwa, kisha ikatupa sehemu ya taarifa ili faili iwe ndogo.

Hicho kinachotupwa ndicho kiini cha jambo. Kamera nyingi za kisasa huweza kusoma mwanga kwa biti 14, yaani viwango 16,384 katika kila pikseli (nukta ndogo zinazounda picha), ilhali JPEG ya kawaida hubeba biti 8, yaani viwango 256 tu kwa kila moja ya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Tofauti hiyo haionekani mpaka picha ianze kuhaririwa. Nenda ufuo wa Dunga, Kisumu, jua likikaribia kuzama, umpige picha mvuvi anayekunja nyavu ndani ya mashua, anga ikiwaka nyuma yake na uso wake ukiwa kivulini. Ukiung'arisha uso huo katika JPEG, ngozi hutoka na mabaka, kwa kuwa viwango vilivyobaki kwenye kivuli ni vichache mno. Ukifanya hivyo katika picha ghafi, mikunjo ya paji la uso hujitokeza, na hata maji yaliyorukia shavuni huonekana. Ila sehemu ya anga iliyong'aa kupita uwezo wa kitambuzi haiokolewi na faili ya aina yoyote.

Rangi nayo ina uzito wake. Niliwahi kupiga harusi ya mchana mjini Nakuru kwa JPEG, kamera ikiwa bado imepangwa kwa mwanga wa balbu za ndani, na gauni jeupe likatoka na ubuluu ambao sikuweza kuuondoa bila kuharibu ngozi za watu. Katika picha ghafi mpangilio huo ni maelezo tu yaliyoambatishwa, na hubadilishwa baadaye bila hasara. Programu ya kuhariri huandika mabadiliko pembeni na kuiacha faili asilia ilivyo, wakati JPEG hupungua ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

Gharama ipo: faili ghafi huwa kubwa mara kadhaa kuliko JPEG, na haiwezi kutumwa kwa mteja kabla ya kuandaliwa. Anayepiga mechi ya kandanda Kisumu, huku mhariri wa gazeti akingoja picha kabla ya kipenga cha mwisho, hufanya vyema kutumia JPEG. Kwa harusi na picha za watu, mimi huiagiza kamera ihifadhi zote mbili kwa pamoja: JPEG ya kutuma jioni ileile, na ghafi ya kufanyia kazi kwa utulivu.